Shule Iliyoanza kwa Mikeka 12

Wanachama wenzangu, na ninyi vijana mlioko madarasani hivi sasa,

Katika mkutano wetu mkuu uliopita, kijana mmoja wa kidato cha tatu alisimama akauliza swali lililotufanya sisi wazee tutazamane. Aliuliza kwa nini shule yetu ina mpira wa miguu, mpira wa wavu na riadha, lakini haina mieleka. Papo hapo mwanachama mwenzetu akaahidi kuchangia mikeka. Watu wakapiga makofi, kisha mkutano ukaendelea na habari ya mabati ya bweni. Mimi nilinyamaza, maana nilikumbuka jambo.

Wakati wetu mieleka ilikuwapo. Ilichezwa nyuma ya bweni, juu ya mchanga, baada ya chakula cha jioni na kabla ya kengele ya kujisomea. Hakukuwa na mwalimu. Mwamuzi alikuwa yeyote aliyeshindwa jana yake. Jioni moja mwenzangu wa darasa alinyanyuliwa mabegani akatupwa chini, akaangukia bega, na mfupa wa mtulinga ukavunjika. Aliyemtupa nilikuwa mimi. Asubuhi yake mchezo ukapigwa marufuku paredini, na marufuku ile haijaondolewa hadi leo. Mwenzangu alipona, na tumebaki marafiki, lakini mkono ule hakuuinua sawasawa tena.

Kwa sababu hiyo nimeona kwamba, kabla ya mikeka kununuliwa, mimi nichangie historia. Ni historia ya shule moja ya mieleka ya Kijapani, iliyoanzishwa na kijana wa miaka 21, na ya walimu walioijenga. Shule hiyo ni Kodokan ya mjini Tokyo, ambamo mchezo wa judo ulizaliwa. Mwasisi wake ni Kano Jigoro. (Wajapani hutanguliza jina la ukoo, Kano ndilo la ukoo, Jigoro ndilo alilopewa.)

KIJANA ALIYEONEWA

Kano alizaliwa mwaka 1860 katika kijiji cha Mikage, karibu na mji wa Kobe, katika ukoo uliojulikana kwa kutengeneza pombe ya mchele. Mama yake alifariki Jigoro akiwa bado mdogo, na mwaka 1871 baba yake alimhamishia Tokyo ili asome. Huko aliwekwa katika shule ya bweni iliyofundisha kwa Kiingereza na Kijerumani. Masomoni alikuwa hodari, lakini umbo lilikuwa dogo. Hata alipokuwa mtu mzima kimo chake hakikuzidi sana futi 5 na inchi 2. Wanafunzi wenye miili mikubwa walimpiga na kumdhihaki. Ninyi mlioko bwenini mnajua ninachosema.

Alisikia kwamba kuna elimu ya zamani iitwayo jujutsu, ambayo humwezesha mdogo kumwangusha mkubwa. Akaomba afundishwe. Watu wazima aliowaendea walimkatalia, na hata baba yake aliona ni upuuzi. Sababu yao ni nyepesi kuielewa. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1868, Japani ilikuwa inakimbilia mambo ya Ulaya. Tabaka la samurai lilipoteza nafasi yake, na mwaka 1876 lilipigwa marufuku kubeba panga hadharani. Elimu ya vita vya mikono ikaonekana kuwa takataka ya zamani. Waliokuwa mabingwa wake walihangaika kutafuta riziki, na wengi wao wakawa waganga wa kuunga mifupa.

Basi Kano, alipoingia Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1877, alianza kuwatafuta waganga wa mifupa. Aliwauliza mmoja baada ya mwingine kama anajua jujutsu, hadi alipoelekezwa kwa mzee Fukuda Hachinosuke.

WALIMU WA MWALIMU

Hapa nataka tutue kidogo, maana mara nyingi tunamsifu mwasisi tukawasahau waliomfundisha.

Mzee Fukuda alikuwa na wanafunzi wachache sana. Kano alipomwuliza namna mtupo fulani unavyofanyika, mzee hakueleza. Alimwangusha, na alipoulizwa tena alimwangusha tena, akimwambia kuwa jambo hilo hujulikana kwa kulirudia. Kano alirudi chuoni na michubuko na bandeji, akinuka dawa ya kuchua, na wenzake wakamcheka.

Katika darasa lile kulikuwa na mwanafunzi mwenzake aliyeitwa Fukushima, mtu mzito sana, ambaye Kano hakuweza kumshinda. Alijaribu mbinu za sumo, hazikufaa. Ndipo akaenda maktaba, akapekua vitabu vya Kizungu vya mieleka, akakuta mtupo wa kumwinamia mtu, kumbeba mabegani na kumgeuzia upande wa pili. Akaufanyia mazoezi kimyakimya, kisha siku moja akamwangusha Fukushima. Mtupo huo, uitwao kata-guruma, ungali katika judo hadi leo. Vijana, angalieni jambo hili: bingwa wa elimu ya Kijapani hakuona haya kuchota katika kisima cha watu wengine.

Mwezi Agosti 1879 Fukuda na wanafunzi wake walicheza mbele ya Ulysses Grant, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipokuwa ziarani Tokyo. Siku chache baadaye mzee akafariki. Kano akaendelea kwa mwalimu wa pili, Iso Masatomo, naye akafariki mwaka 1881. Akaenda kwa wa tatu, Iikubo Tsunetoshi, wa madhehebu mengine ya jujutsu, aliyekuwa hodari wa mitupo.

Kwa Iikubo ndipo Kano alipogundua siri iliyo msingi wa judo. Kwa muda mrefu mzee alikuwa akimwangusha. Siku moja mambo yakageuka, Kano akamwangusha mzee mara kwa mara, na mzee hakupata nafasi. Iikubo alipouliza sababu, Kano akaeleza kwamba mtu hapaswi kutupwa akiwa amesimama imara. Kwanza avutwe au asukumwe hadi mizani yake ivunjike; akisukuma, umvute, na akivuta, umsukume. Mzee hakukasirika. Alikiri kuwa hana tena la kumfundisha, akamwambia afanye mazoezi na vijana. Hiyo ndiyo heshima kubwa ya mwalimu: kufurahi anapopitwa na mwanafunzi wake.

HEKALU LA EISHOJI

Mwaka 1882 Kano alikuwa amemaliza chuo na kuanza kufundisha katika Gakushuin, shule ya watoto wa wakubwa. Mwaka huohuo alipanga vyumba katika hekalu la Kibuddha liitwalo Eishoji. Mahali pa mazoezi palikuwa na mikeka 12 ya tatami, na kwa kuwa mkeka mmoja ni kama mita 1.8 kwa 0.9, eneo zima halikufika mita 20 za mraba. Ni dogo kuliko darasa lenu moja. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa 9.

Nyumba ilitikisika wakati wa mazoezi hadi vibao vya kumbukumbu ya marehemu vikaanguka hekaluni, na mtawa mwenye nyumba akalalamika. Sakafu ilipovunjika, Kano mwenyewe aliingia chini yake usiku na taa mkononi kuitengeneza. Hakutoza ada ya mafunzo. Ili kupata fedha, alifanya kazi ya kutafsiri vitabu kwa ajili ya Wizara ya Elimu baada ya saa za kufundisha.

Sambamba na ukumbi huo alianzisha shule ndogo ya bweni, Kano Juku, na shule ya Kiingereza. Vijana wa bweni waliamka kabla ya jua, wakafagia na kusafisha, wakasoma, wakafanya mazoezi. Kwake mieleka haikuwa kitu cha pembeni baada ya masomo. Ilikuwa mkono mmoja wa malezi, na kitabu kilikuwa mkono wa pili.

Alibadilisha mambo kadhaa, na ndiyo yaliyoifanya judo iingie shuleni. Kwanza, aliondoa katika mazoezi ya kushindana mbinu zilizo hatari zaidi, kama mapigo. Pili, alimfundisha kila mgeni namna ya kuanguka kabla ya namna ya kuangusha. Tatu, wakati walimu wa zamani walificha siri zao katika hati, yeye alieleza, alitoa mihadhara na kuruhusu maswali. Alikuwa amechoka kuangushwa bila kuelezwa. Nne, aliweka madaraja, yaani dan. Mwaka 1883 wanafunzi wawili wa kwanza walipewa dan ya 1. Hata jina alilibadilisha. Badala ya jujutsu, ambayo ni ufundi, akasema judo, yaani njia ya upole.

WALE WANNE

Shule haijengwi na mtu mmoja. Historia ya Kodokan huwataja wanafunzi wanne wa mwanzo kuwa nguzo zake, na wote wakawa walimu.

Wa kwanza ni Tomita Tsunejiro, kijana wa Izu aliyekuwa akiishi nyumbani kwa akina Kano, na jina lake ndilo la kwanza kabisa katika daftari la shule. Hakuwa mwenye kipaji kikubwa. Alikuwa mtu wa kujituma. Mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka 40, alionyesha judo katika chuo cha kijeshi cha West Point nchini Marekani, na mwanafunzi mmoja mwenye nguvu akambana chini. Aibu ile haikumfanya aache kufundisha. Aliyefuatana naye safarini, Maeda Mitsuyo, alifika Brazili mwaka 1914, na kutoka kwake familia ya Gracie ilipata mbegu ya mchezo unaojulikana leo kama jujitsu ya Kibrazili.

Wa pili ni Yamashita Yoshitsugu, aliyejiunga mwaka 1884. Alimfundisha judo Rais Theodore Roosevelt huko Washington, kisha akafundisha katika chuo cha wanamaji cha Marekani. Alipofariki mwaka 1935 alitunukiwa dan ya 10, akiwa mtu wa kwanza kuipata.

Wa tatu ni Yokoyama Sakujiro, mtu wa nguvu nyingi aliyepewa jina la utani la Zimwi. Katika mapambano yaliyoandaliwa na Polisi wa Tokyo katika miaka ya 1880, yeye na wenzake waliwashinda mabingwa wa jujutsu ya zamani karibu katika kila pambano. Baada ya hapo polisi wakataka walimu kutoka Kodokan.

Wa nne ni Saigo Shiro, nami nina la kusema juu yake. Alikuwa mfupi na mwepesi, na mtupo wake uitwao yama-arashi, yaani tufani ya mlimani, uliwashangaza watu. Yeye na Tomita ndio waliopewa dan ya 1 mwaka 1883. Mwaka 1889 Kano alipokwenda Ulaya kwa kazi ya elimu, Saigo alikuwa mmoja wa walioachiwa shule. Mwaka 1890, mwalimu akiwa bado safarini, Saigo aliondoka Kodokan, asirudi tena katika judo. Alihamia Nagasaki, akafanya kazi ya gazeti, akafariki mwezi Desemba 1922. Mwezi uliofuata Kano alimtunuku dan ya 6. Miaka 32 ilikuwa imepita, lakini jina la kijana aliyepotea lilikuwa bado katika daftari la mwalimu. Tomita alikuwa na mtoto mwandishi, Tsuneo, ambaye riwaya yake ya mwaka 1942 juu ya kijana mfano wa Saigo ilitengenezwa filamu na Kurosawa Akira mwaka 1943.

MWALIMU MKUU

Kano hakuishi kwa judo. Alikuwa mwalimu wa serikali, na kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa mkuu wa Chuo cha Juu cha Ualimu cha Tokyo. Walimu aliowafundisha walitawanyika nchi nzima, na wengi wao walikuwa wamevaa vazi la judo. Aliwapokea pia wanafunzi kutoka China katika chuo alichowaanzishia. Mmoja wao, aliyefika mwaka 1902, ndiye aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri Lu Xun.

Mwaka 1909 alikuwa mtu wa kwanza kutoka Asia kuingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mwaka 1912 aliwapeleka Stockholm wanariadha wa kwanza wa Japani, nao walikuwa wawili tu. Mwaka 1911 serikali iliruhusu judo kufundishwa katika shule za sekondari. Ukumbi nao ulikua: mikeka 12 ya mwaka 1882 ilikuwa imefika 107 mwaka 1894, 207 mwaka 1906, na 510 mwaka 1934.

Alipigania michezo ya mwaka 1940 ifanyike Tokyo, na mwaka 1936 kamati ilikubali. Alifariki tarehe 4 Mei 1938 melini, akirudi nyumbani kutoka mkutano wa kamati hiyo mjini Cairo. Miezi miwili baadaye Japani, iliyokuwa vitani China, ikairudisha michezo ile. Judo iliingia Olimpiki mwaka 1964, Tokyo, na katika pambano la uzito wa wazi Mholanzi Anton Geesink alimshinda Kaminaga Akio mbele ya Wajapani wenyewe.

YALIYOHARIBIKA

Ningekuwa ninawadanganya vijana kama ningeishia hapa.

Kano alifundisha kanuni mbili: kutumia nguvu za mwili na akili kwa namna iliyo bora, na kustawi pamoja, wewe na mwenzako. Lakini katika miaka ya vita judo ya mashuleni iligeuzwa kuwa maandalizi ya askari. Baada ya Japani kushindwa mwaka 1945, majeshi yaliyoikalia nchi yaliipiga marufuku shuleni, hadi iliporuhusiwa tena mwaka 1950. Kumbe mkeka hauna dini. Hufuata nia ya anayeufundishia.

Tena kuna jambo zito zaidi. Kati ya mwaka 1983 na 2011, zaidi ya wanafunzi 100 walikufa katika judo ya mashuleni nchini Japani, wengi kwa kuumia kichwa. Wengi wao walikuwa wa mwaka wa kwanza, yaani wale ambao hawakuwa wamejua kuanguka. Jambo hili lilitokea katika nchi iliyozaa mchezo huo, yenye mikeka mizuri na kumbi za fahari. Wazazi na watafiti walipopaza sauti, mafunzo ya walimu yalisisitizwa upya. Kilichokuwa kimesahauliwa ni lile somo la kwanza la Eishoji: mgeni afundishwe kuanguka kabla ya kuangusha, na mwalimu awepo.

MJUKUU WA MZEE FUKUDA

Nimalizie kwa habari inayotuhusu sana sisi wanafunzi wa zamani.

Kano hakumsahau yule mganga wa mifupa. Zaidi ya nusu karne baada ya kifo cha mzee Fukuda, alimtafuta mjukuu wake wa kike, Keiko, aliyezaliwa mwaka 1913, akamkaribisha Kodokan. Keiko alianza mwaka 1935 katika idara ya wanawake, iliyokuwa imefunguliwa mwaka 1926. Deni la mwalimu lililipwa kwa mjukuu.

Hata hivyo shule hiyo haikumtendea haki upesi. Alipofika dan ya 5 mwaka 1953 alisimamishwa hapo karibu miaka 20, kwa kuwa mwanamke hakuruhusiwa kupita. Ilibidi watu wadai, ndipo mwaka 1972 yeye na mwenzake Noritomi Masako wakawa wanawake wa kwanza kupewa dan ya 6. Wakati huo alikuwa akifundisha California. Mwaka 2006 Kodokan ilimpa dan ya 9, na mwaka 2011, akiwa na miaka 98, chama cha judo cha Marekani kilimpa dan ya 10. Alifariki mwezi Februari 2013. Mabinti wa shule yetu, ambao wakati wetu hawakuwapo, wasiache kuuliza kama mieleka itakayoanzishwa itakuwa yao pia.

TUFANYE NINI?

Nisieleweke vibaya. Sipingi mieleka. Naiunga mkono, nami nitachangia kwa kadiri ya uwezo wangu. Ninachoomba kwa Kamati ya Utendaji ni mpangilio. Kwanza tumsaidie mwalimu mmoja, au wawili, akajifunze kufundisha mchezo huu mpaka ahitimu. Muhula wa kwanza uwe wa kuanguka tu. Daftari la kila mwanafunzi litunzwe, hata la yule atakayeacha. Kisha mikeka inunuliwe. Hata ikiwa 12, yatosha. Imekwisha kutosha mara moja.

Mwenzangu wa mtulinga atakuwapo kwenye mkutano ujao, Mungu akipenda. Nimemwomba akae karibu nami jambo hili litakapojadiliwa, naye amekubali. Ameniambia kwamba atakuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuunga hoja, ule mkono mzima.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, walisema wahenga. Vijana wetu na wafunzwe na mwalimu, wasingoje kufunzwa na mchanga wa nyuma ya bweni.